Jina la Obiri Kwenye Mchezo wa Nyoka

Jumatatu, jioni

Nimemficha Obiri jambo moja miaka yote hii, na sasa daktari hanipi muda mrefu.

Leo alikuja kutoka Marani na mkungu wa ndizi. Tulipofundisha shule moja tulishindana kwenye kompyuta ya ofisi, ule mchezo wa nyoka anayekula akirefuka. Jina lake lilikaa juu kabisa kwenye orodha ya alama. Langu lilikuwa la pili, muhula baada ya muhula.

"Mwalimu, stima ilinionea," alisema akicheka. "Ilipotea Sabato moja tu, kompyuta ikazimika, ikameza jina langu!"

"Langu ikaliacha."

"Mungu anapenda wazee wa kanisa!"

Nilitaka kumwambia hapo hapo. Nikamwitishia chai nyingine. Mikono yake bado imara, yangu haishiki kikombe. Hata hilo namwonea wivu.

Sabato ile nilisema naumwa. Wenzangu wakiwa kanisani, mimi, mzee wa kanisa, niliifungua ofisi nikacheza mpaka jua likazama.

Stima haikupotea. Siku nzima, nikiwa peke yangu, sikumfikia. Ndipo nikalifuta jina lake.