Shangazi, Usipande Boti Kabla ya Kusoma Haya

Kambini, kisiwani,
Kupitia Majoreni,
Kwale.

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Sidi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, moto umewaka na madereva wamejaa kwenye mabenchi yako hapo Mackinnon Road kama kawaida. Mzee wako Dzombo hajambo? Goti lake limepoa, au bado linamsumbua kila akiamka? Na mvua je, imeonekana, au mbuzi wangali wanapelekwa mbali kutafuta maji? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio haujatulia.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu imetushinda. Jumapili nilipokupigia ulisema nakuonea choyo: miaka thelathini umewapikia watu, na sasa mwanao Caroline amekulipia kutoka Doha wiki moja tu ya kupumzika, nami nataka kuizuia. Kisha ukakata. Sikukasirika, Shangazi. Ila nimempa barua hii Mbarak, yule anayepita kwako na lori la saruji, nikamwomba akukabidhi mkononi mwako na asiondoke mpaka aone umeifungua.

Kwanza nikujibu ulichoniuliza juu ya safari. Kikundi chenu kinavuka Jumatatu tarehe 27, na boti huondoka Majoreni saa tatu asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Usijaribu kutoka nyumbani siku hiyo hiyo. Toka Jumapili mapema, ushuke Miritini, upite njia ya Dongo Kundu usihangaike na feri, kisha ushike gari la Ukunda na jingine la Msambweni. Ulale pale Msambweni kwa Mama Boga, anayetuuzia mboga, na alfajiri akupandishe gari la Majoreni. Nimekwisha kumwambia.

Usije na sanduku. Chukua begi la kubeba begani, kwani mtu hushuka majini mpaka magotini. Viatu viwe vya plastiki, vya kufunga nyuma ya kisigino. Magamba ya chaza huku kwenye mikoko hukata kama wembe. Beba leso mbili, shati la mikono mirefu na dawa ya mbu. Vyandarua vipo, lakini changu mwenyewe nimekishona mara tatu. Simu utaambiwa uiache ofisini siku zote saba, kwa hivyo nambari za watu wako ziandike kwenye karatasi.

Hayo ndiyo mepesi.

Jumamosi nilikuwa nafagia ofisi, nikaona fomu za wageni mezani, na juu yake jina lako. Ameijaza Caroline. Mahali pa kuuliza kama mgeni ana maradhi yoyote ameandika: Hakuna. Nilisimama na ufagio mkononi nikalisoma neno hilo tena na tena. Shangazi, wewe unajidunga insulini huu mwaka wa sita. Sijui kama Caroline alisahau, au aliogopa kwamba watakukataa. Au ni wewe uliyemwambia aandike hivyo?

Huenda hujaambiwa wageni hufanya nini hapa. Asubuhi hunyoosha viungo ufuoni, mchana tunawakanda kwa mafuta ya nazi, na siku nne za mwanzo hawali. Hunywa maji ya ndimu na supu ya majani, basi. Kwa mtu mwenye afya ni njaa tu. Nitakueleza yalivyokuwa kwa mwingine.

Mwezi uliopita alikuja Bi Fauzia, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Malindi, mwanamke wa makamo yako, mcheshi, anayemwita kila mtu mwanangu. Naye fomu yake ilisema hana maradhi. Alikuwa na sukari kama wewe, na sindano zake alizificha kwenye kibeti. Kila asubuhi alijidunga kipimo kile kile cha siku zote, na chakula hali.

Siku ya tatu, Jumanne, kama saa nne asubuhi, aliletwa kwangu nimkande. Mgongo wake ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, na mikono inamtetemeka. Nikamuuliza anajisikiaje. Akaniambia nifute ubao kwa sababu watoto wanangoja. Nikadhani ananitania. Akarudia, mara hii kwa ukali, na macho yake hayakuwa yananiona.

Nilimkimbilia Cynthia, mwenye kambi. Si mtu mbaya, Shangazi, ni mwanamke wa Nairobi anayeamini sana anachokifundisha. Akaja, akamtazama, akamshika kipaji cha uso.

"Hiyo ni sumu inatoka mwilini," akasema. "Wachana naye alale, na usimpe kitu."

Akarudi ufuoni kwa wageni wengine. Nami nikabaki pale na mafuta mikononi. Nilikukumbuka wewe, kwenye matanga ya Babu kule Samburu, ulivyolowa jasho vile vile ukawa unaniita kwa jina la marehemu mama, na Mzee Dzombo akakutilia soda mdomoni huku watu wakisema umepandwa na pepo. Ningekuwa sikuyaona yale, ningemfunika Bi Fauzia leso nikamwacha alale.

Nikaenda jikoni. Kambi hii haiweki sukari wala soda, na asali ilikuwa imekwisha. Nikafungua kila kopo. Kisha nikamkumbuka Mbwana, nahodha wetu, ambaye hawezi kunywa chai isiyo na sukari na huificha yake kwenye sanduku la boti. Nilikimbia mpaka huko nikalivunja lile sanduku bila kumuuliza mtu.

Niliporudi, Bi Fauzia alikuwa hasemi tena. Nikamlaza ubavu, nikailowesha sukari na kumpaka ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo, nikichelea asipaliwe. Mbwana alikuwa amenifuata kuuliza habari za sanduku lake. Alipoona hali, hakuliuliza. Alisema tu kwamba maji ni ya bamvua, yamekupwa yote, na boti imekaa juu ya tope.

Basi tulimbeba. Tulimweka kwenye kitanda changu cha kukandia, kile chepesi cha kukunja, mimi na Mbwana mbele, wapishi wawili nyuma, tukaingia topeni. Tope lilitufika mapajani. Kila hatua kumi tulisimama nimpake tena sukari. Katikati ya njia alilegea kabisa, kichwa kikaanguka upande, na mpishi mmoja akaanza kumsomea dua kwa sauti ya chini. Nikamtia kidole mdomoni, akakiuma. Kovu ninalo, utaliona. Sijapata kufurahia maumivu kama yale.

Nilipogeuka nyuma nilimwona Cynthia anatufuata peku, amebeba begi la Bi Fauzia kichwani.

Kwenye mkondo tulipata mtumbwi wa wavuvi wa kaa, na Majoreni tukapata gari. Tulifika hospitali ya Msambweni saa saba na nusu, wakamtia maji ya sukari mshipani. Alifumbua macho akaniuliza mimi ni nani. Muuguzi aliniambia kwamba pasingekuwa na ile sukari ya njiani, wangepokea maiti. Cynthia alikaa kwenye korido na tope lake miguuni, akalia mpaka jioni. Bi Fauzia alitoka siku ya tatu, akaenda kwao kwa miguu yake mwenyewe, alhamdulillahi.

Lakini wiki hiyo hiyo Cynthia alitukusanya wafanyakazi, akasema habari ile isivuke maji, ama kambi itafungwa na sote kumi na wawili tutarudi majumbani. Tulikubali. Nami nilikubali, Shangazi. Tangu hapo vikundi viwili vimekuja na kwenda, nami nimekuwa nikiwakanda wageni na kuwanong'oneza mmoja mmoja: una sukari? Unajidunga? Huo ndio uliokuwa ujasiri wangu wote.

Kwa hivyo nakuomba hivi. Kabla ya lolote, nenda kliniki kwa daktari anayekujua, umwambie wazi kwamba huku ni siku nne bila chakula. Akisema hapana, iwe hapana, na Caroline nitazungumza naye mimi. Akisema unaweza kuja ila lazima ule, aandike kwenye karatasi, na fomu ile ibadilishwe. Insulini ije imefungwa kwenye chupa ya chai yenye maji ya baridi. Mashine ya kupimia na peremende vikae kwako kiunoni, ndani ya leso. Usimkabidhi mtu dawa zako, hata mtu huyo akiwa na tabasamu namna gani.

Jana nilimwambia Cynthia kwamba shangazi yangu yumo kwenye orodha ya tarehe 27, na kwamba nakuandikia.

Akaniuliza, "Umemwambia yote?"

"Bado," nikamjibu. "Lakini nitamwambia yote."

Akasema Jumamosi ataniambia kama nina kazi au sina. Leo Alhamisi. Nimekwisha kukunja nguo zangu.

Nisalimie Mzee Dzombo, na umwambie ile soda yake imeokoa watu wawili sasa. Msalimie Rai, na mtoto wake mchanga ambaye bado sijambeba, na majirani wote wa sokoni wanaonikumbuka. Mungu akulinde, akupe pumziko unalostahili, na asikupitishe njia ya hatari.

Ukija, utanikuta pwani ya Majoreni saa mbili asubuhi, kama mfanyakazi wa kambi au kama mtoto wa kaka yako tu. Na usipokuja, nitapanda gari mimi nije huko, nikukande miguu uani kwako wiki nzima, na chakula utakula.

Ni mimi mwanao nikupendaye bila choyo,
Kadzo Fondo