Jina Langu Kwenye Ukungu

Jumapili. Mvua ya Bruxelles, ile isiyojua kama inanyesha au inaacha. Moyo wangu uko vilevile.

Tumerudi jana kutoka milimani. Nguo za ski, za kutelezea kwenye theluji, zimetandazwa juu ya radiateur ya kupashia nyumba joto, nyumba nzima inanuka soksi mbichi. Asubuhi nilishuka hadi Porte de Namur kutafuta sombe, majani yetu ya muhogo, na maman anayeniuzia akaniangalia usoni akacheka sana. Eti watu wanaenda kwenye theluji kutakata, mimi nimerudi nimeungua. Nikacheka naye. Ningemwambia nini?

Wazo la kwenda halikuwa langu. Lilikuwa la Déo, mume wangu, dereva wa basi, ambaye wenzake wa kazini walikodi nyumba upande wa Ufaransa likizo hii ya shule. Na Neema, binti yetu wa miaka minane, alikuwa amechoka kukosa hadithi kila wenzake darasani wanaporudi na alama za miwani ya theluji usoni. Mimi nilisema mlima si mahali pa kwenda kucheza. Walinicheka wote wawili.

Bon, tukaenda. Na nilipenda, siwezi kudanganya. Jua lilikuwa kali, theluji inayeyuka kwenye mapaa, Déo akianguka kama gunia la mihogo, Neema akijifunza na kundi lake la watoto. Mimi nilikaa chini na chokoleti ya moto, nikijiona mwanamke wa maana.

Siku ya mwisho ukungu ulishuka.

Ulikuja mchana, ghafla, tukashindwa kuona hata nguzo za mashine inayopandisha watu. Watoto waliteremka wakimfuata mwalimu wao. Walipofika chini mwalimu akawahesabu, akawahesabu tena. Neema hayupo.

Waokoaji walipanda. Déo akapanda nao kwa miguu, na yale mabuti mazito, wote wakiita. Ukungu ulikuwa umemeza kila kitu, zimebaki sauti tu. Neemaa. Neemaa. Na mlima kimya. Nilibaki chini, na ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini mtoto wangu haitiki.

Walimpata. Naandika upesi: walimpata, mzima. Alikuwa ameanguka kwenye kona, akakaa chini ya msonobari, ski moja imemtoka, midomo imekuwa ya bluu. Dada wa uokoaji aliyemwona alisema alishapita pale pale akimwita, kidogo amkanyage. Akamuuliza mbele yetu kama hakusikia.

Alisikia kila kitu. Hata sauti ya baba yake aliisikia. Neema akanigeukia mimi, macho yanang'aa kama mtoto anayeleta matokeo mazuri ya shule.

"Sikuitika, Maman. Ulisema nisiitike muntu mwenye sioni."

Alitaka nimsifu.

Na kweli nilisema. Nimemwambia hivyo tangu alipoanza kutembea, kwenye ngazi za jengo letu, kando ya maji pale Flagey, kila mahali: ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Wengi wa kwetu wanawaambia watoto wao hivyo, mambo ya mizimu na giza, wakikua wanayacheka. Mimi sikuwahi kuyacheka.

Nilikuwa na kaka. Aliitwa Bahati, alinizidi umri kidogo tu. Wakati wa vita, tulipokimbia kijiji, tulikuwa tunalala kwenye mashamba ya migomba juu ya ziwa. Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito, na mtu akaita jina la Bahati kutoka chini ya mteremko. Alidhani ni Papa, baba yetu, amerudi na chakula. Akaitika, "Niko hapa!", akashuka mbio. Papa alikuja baadaye, kwa njia nyingine, peke yake.

Kabla ya hapo, kabla Papa hajafika, Bahati aliita. Hakumwita Maman. Aliniita mimi, mara moja, kutoka ndani ya ule weupe. Nilifungua mdomo, na mkono wa Maman ukaufunga. Aliubana mpaka nikasikia ladha ya udongo. Simlaumu. Alikuwa na mdogo wetu mgongoni, na pale chini kulikuwa na watu wenye bunduki.

Bahati hatukumwona tena. Hata kaburi hatuna.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini jana, njiani, Déo kwenye usukani bila kunisemesha tangu mlimani kwa sababu ya sheria yangu, Neema akasema kutoka kiti cha nyuma, biskuti mdomoni, kwamba aliyeanza kuita hakuwa baba yake. Alikuwa mtoto, mvulana. Na hakumwita yeye.

"Alikuwa anaita Furaha."

Furaha ni mimi. Ila Bruxelles hakuna anayeniita hivyo. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi mimi ni Solange, jina la ubatizo. Déo ananiita maman Neema tangu binti yetu azaliwe. Neema analijua jina hilo kwa sababu ya simu za Maman kutoka Bukavu, basi. Nilimuuliza Déo kama aliniita kule juu. Akasema hapana, labda kulikuwa na Furaha mwingine mlimani. Furaha mwingine, kati ya wazungu wale wote!

Najua baridi inaleta ndoto kwenye kichwa cha mtoto. Ninawahudumia wazee, nimesikia wakizungumza na watu ambao mimi siwaoni. Najua. Sikulala hata hivyo.

Leo nimempigia Maman, nikamweleza yote isipokuwa la mwisho. Akasema mtoto alifanya vizuri. Nilimuaga kwa heshima, nikakata simu, nikakaa nikiitazama tu. Kama yule dada wa uokoaji angepita hatua chache zaidi kando asimwone, Maman angesema bado kwamba mtoto alifanya vizuri?

Halafu nikamwita Neema aje kula. Kimya. Akatokea mlangoni, akanitazama vizuri usoni, ndipo akasema, "Oui, Maman." Ndani ya nyumba yetu. Sufuria karibu inidondoke.

Nikamkalisha, nikamwambia ile sheria imekwisha. Akiitwa, aitike. Akapotea, apige kelele. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama mimi mwenyewe ninaitikaga. Mtoto huyu! Nikamwambia aingie chumbani, afunge mlango, aniite kwa jina langu.

Akaita. Nilisimama kwenye korido na glavu zake mbichi mkononi, na ule mkono wa Maman ulikuwa mdomoni mwangu, na ladha yake ya udongo. Akaita tena. Tena. Kwenye mara ya tatu sauti yake ilianza kuogopa, na hofu ile ndiyo iliyonifungua.

"Niko hapa!"

Nilipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Neema akafungua mlango akicheka, kisha akaniona ninalia, akaja kunishika kiuno.

Sasa anakula sombe. Déo amerudi kutoka zamu yake, amekaa karibu naye, ameniambia nije nikae pia. Neno lake la kwanza bila kuulizwa tangu mlimani. Nitaenda, nimalizie hapa tu.

Bahati, kama ulikuwa wewe, umesikia. Nimechelewa, lakini nimeitika. Neema muache, yeye hakujui. Kesho ukiniita tena, hata kwenye ukungu, niite mimi. Nitaitika.