Wakubwa Hawaatamii

Jumapili, 15 Juni 2025
Nimempima ndege wangu Jitu leo. Amempita hata babake! Miaka sita nimezalisha finchi hawa wa kizimbani mkubwa kwa mkubwa, wadogo nikiwauza, na sasa niko na dume wa kujaza kiganja. Nilitafuta mtu wa kumwonyesha. Nikamwita Wachira, jirani yangu anayeuza nyanya. Akamtazama, akauliza kwani huyu analiwa? Akaenda zake. Nilipika ugali wa watu wawili tena. Mazoea mabaya.

Jumatatu, 16 Juni
Nimemulika mayai ya jike wa Jitu kwa tochi ya simu. Matatu yana mishipa ya damu, yana uhai!! Msimu mzima wakubwa wangu walitaga mayai ya maji matupu, yasiyo na kifaranga – manyoya mengi, uzito mwingi, hata kupandana ni kazi. Haya matatu yakiharibika, mbegu yangu imeisha.

Jumatano, 18 Juni
Jike ametoka kiotani. Nimemrudisha, akatoka tena. Baridi yote hii ya Kitengela, na yeye yuko kwenye mtama, anakula tu! Wenzake wako vivyo hivyo. Niliwachagua kwa mwili, sikuwahi kuangalia nani anajua kulea. Walezi walikuwa wale wadogo, na wadogo niliwamaliza kuwauza mwenyewe, ati wanachafua mbegu.

Ilibaki jozi moja ya wadogo. Mke wangu Evalyne aliitoa kwenye boksi la kuuza, akaenda nayo Kimana. Binti yetu Mukai alipoolewa Illasit, mamake naye akakodi shamba la vitunguu kule karibu. Alisema atarudi vikivunwa. Vimevunwa mara mbili.

Nyumba imenilemea. Haya, nimeandika.

Jioni
Nimempigia. Hatujaongea tangu Pasaka. Nikasema nina shida ya mayai. Akauliza: "Kwa hivyo Baba Mukai, umepiga simu juu ya ndege?" Nikasema ndiyo. Ndiyo! Mjinga mimi. Nilikuwa na mengine ya kusema, nikayaacha. Akasema finchi wake wanaatamia, nikitaka nilete.

Alhamisi, 19 Juni
Wachira anaenda Kimana kuchukua nyanya, amenibeba kwenye pikapu. Mayai nimeyafunga kwa pamba ndani ya kopo, kopo ndani ya soksi, soksi tumboni pamoja na chupa ya maji moto. Wachira amecheka mpaka Emali. Ati nitaangua lini? Nimecheka pia. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka na mtu.

Mchana, Kimana
Naandika nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya nyumba ya Evalyne. Amekonda. Tulisalimiana kwa mkono, kama wageni kanisani. Akanipa chai, akanionyesha kizimba – amekisuka mwenyewe kwa waya, vibaya, lakini kimeshika. Jike mdogo ametulia juu ya mayai yake, dume yuko mlangoni. Hawakuruka hata niliposogea.

Nikasema tuongeze yangu humo humo. Akauliza, wakianguliwa pamoja, si hawa wako watakula chakula cha hawa wadogo? Ni kweli. Wadogo watakanyagwa, watakufa kwa njaa. Ndiyo maana sisi wafugaji tunatoa mayai ya mlezi mwenyewe kwanza.

"Unatoa, unapeleka wapi?"

Nikamwambia huwa tunatupa.

Hakukasirika – afadhali angekasirika. "Mimi siwezi, Baba Mukai. Toa wewe. Wewe ndio umezoea." Akachukua jembe, akaenda kugeuza maji shambani.

Nimebaki peke yangu na kopo. Linaanza kupoa. Wachira amepiga simu, nyanya zimepakiwa, anapitia hapa sasa hivi. Miaka sita iko kwenye hili kopo! Nimeingiza mkono kiotani. Jike amenidonoa, lakini hakutoka. Amejisukuma tu, akakalia vidole vyangu pamoja na mayai yake, vikawa vya moto. Nimeutoa mkono mtupu. Mayai yake nimeyaacha.

Evalyne amesimama kwenye mfereji, matope mpaka magotini. Ananipigia kelele kutoka huko – nimeshatoa?