Nina Fulana ya Kazi na Jina Kwenye Orodha ya Maskini

Bi Mwanahija mpendwa,

Shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo la kujutia, maana mwisho wa mwezi unakaribia na mimi asubuhi naamua hivi, jioni naamua vile. Naitwa Naima, nina miaka thelathini na moja, naishi Kilwa Kivinje na wanangu wawili, baba yao alikwenda Liwale kununua ufuta akapata ufuta na mke, hakurudi, na hilo nimeshalizoea, silo lililonifanya nikuandikie.

Mwaka juzi Kilwa Masoko lilifunguliwa duka kubwa la bei chee, ndoo, sabuni, vyombo, magodoro, kila kitu bei yake ni ya kukufanya uulize mara mbili, watu wanashuka mpaka kutoka Likawage na kurudi na mizigo kichwani wakicheka, na mimi nikabahatika kupata kazi mle, napanga bidhaa kwenye rafu na siku nyingine nakaa keshia. Tukapewa fulana nyekundu zenye jina la duka mgongoni. Bi Mwanahija, nisikufiche, ile fulana niliipenda, nilipita nayo mtaani makusudi, kwenye shughuli za watu nikawa naitwa mfanyakazi, nikapewa kiti cha mbele. Wasichojua ni kwamba sina mkataba, tuko kumi na mmoja na wote ni vibarua, unalipwa kwa siku uliyokuja, ukiumwa huna chako, na nauli ya kwenda Masoko na kurudi inakula karibu nusu ya posho yenyewe.

Aliyenilea ni shangazi yangu Bi Moza, dada wa baba, ana genge hapa Kivinje tangu mimi sijaanza shule. Zamani alikuwa anauza sabuni, viberiti, betri, mpaka madaftari. Tangu tulipofungua sisi, sabuni zake zimekaa mpaka zimepauka, sasa amebaki na nyanya, vitunguu, dagaa, na sukari na mafuta ya kupima. Kila asubuhi analipa ushuru wa genge, wakati mtaani wanasema duka letu limesamehewa ushuru kwa miaka kadhaa ili eti lilete ajira. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ananiambia tu, "Nenda mwanangu, wahi gari."

Sasa mwezi uliopita ulikuwapo mkutano wa kuhakiki kaya maskini kwa ajili ya zile fedha za serikali, na unajua kwetu inavyokuwa, jina linasomwa mbele ya watu wote na watu wanasema kwa sauti, huyu anastahili, huyu hastahili. Jina langu lilikuwemo tangu kabla sijapata kazi, na zile fedha ndizo zinazowavusha wanangu kwenye shule na kliniki. Mimi nikatoka kazini nikaenda moja kwa moja, kanga ilikuwemo mkobani, ningeweza kujifunga juu ya fulana, sikujifunga. Nilitaka wanione. Jina likasomwa, nikasimama, na mtani wangu Tawakali akapiga kelele, "Heee! Na huyu mwajiriwa naye maskini? Kamata fulana, kamata mwizi!" Watu wakacheka, na mtani huwezi kumnunia, lakini kicheko kikageuka, mmoja akasema kweli kabisa, mwingine akasema afutwe, mwenyekiti akashika kalamu.

Ndipo shangazi akasimama. Akasema, "Hebu tulieni niseme. Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Fulana yake mnaiona, sufuria yake hamuioni. Kila jioni anakuja kwangu kununua sukari ya kupima, ya mia tatu. Huko dukani kwao wanauza kilo nzima nzima. Hana uwezo wa kununua kile anachokipanga kwa mikono yake mwenyewe. Sasa kama huyo si maskini, nionesheni maskini."

Tawakali mwenyewe akainamisha kichwa. Jina likabaki. Na mimi, Bi Mwanahija, nilitamani ardhi ipasuke. Nilitoka pale bila kumtazama usoni, na tangu siku hiyo ni wiki ya tatu sijapita gengeni kwake, ninazunguka njia ya nyuma na sukari namtuma jirani.

Kama hiyo haitoshi, maneno yakafika Masoko. Meneja akaniita akasema ninalichafua jina la kampuni, watu wanasema wafanyakazi wake wanaishi kwa misaada, kwa hiyo nikaondoe jina langu kwenye orodha kabla ya mwisho wa mwezi, au nisirudi kazini. Mwenzangu wa dukani, Martina, ananiambia niache kazi kwa heshima nikamsaidie shangazi gengeni, kwani duka lenyewe ndilo linalomuua, na kweli nikimfikiria roho inaniuma, nahisi nimelipwa kumfilisi. Lakini mwingine ananiambia bila duka lile hata ndoo tungenunua kwa bei ya kulangua, na mimi hiyo posho ndogo nitaitoa wapi? Je, lile duka linatusaidia au linatunyonya? Nifute jina, niache kazi, au nifanye nini?

Wako, Naima, Kilwa Kivinje.

BI MWANAHIJA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Naima. Barua yako nimeisoma jikoni nikaunguza vitunguu, kwa hiyo nina haki ya kukugombeza kidogo.

Kanga ilikuwemo mkobani! Mtu anakwenda kwenye mkutano wa kuhakiki maskini amevaa sare ya kampuni, amesimama katikati kama bibi harusi, halafu anashangaa watani wakimshika? Maringo yako yalitaka kuwalaza wanao njaa. Haya, nimemaliza. Na mimi nilipopata kazi yangu ya kwanza nilivaa kitambulisho shingoni mpaka msibani, kwa hiyo tusameheane.

Sasa nikujibu swali lako, maana ni kubwa kuliko ulivyodhani. Mimi mwenyewe nilinunua ndoo mbili na beseni kwenye duka la namna hiyo, na nilifurahi, sitakudanganya. Mkulima aliyeshuka na fedha zake za korosho akapata godoro kwa nusu ya bei, nani atamwambia asilale vizuri? Bei chee ni msaada, na anayeubeza ni yule ambaye mfuko wake haujawahi kukauka.

Lakini hebu tazama mzunguko wake. Duka linakulipa kidogo mpaka huwezi kulisha watoto. Serikali inakuja kujazia pale palipopungua. Fedha hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kodi za watu, na shangazi yako ni mmojawao, kila akinunua chochote cha jumla na kila asubuhi akilipa ushuru wake. Kwa maneno mengine, Bi Moza anachangia mshahara wa wafanyakazi wa duka linalomnyang'anya wateja. Na kama kweli duka limesamehewa ushuru, basi amechangia mara mbili. Ile ndoo yangu ya bei chee, kumbe sehemu ya bei yake ililipwa Kivinje kwenye genge la nyanya. Nilipofika hapo kwenye barua yako ndipo vitunguu vilipoungua.

Kwa hiyo meneja wako anaona aibu. Vizuri, aone. Lakini aibu hiyo ni ya kwake, anataka tu kukuvika wewe kama alivyokuvika ile fulana. Anasema watu wanasema wafanyakazi wake wanaishi kwa misaada. Si uongo! Dawa yake ni kuwalipa, siyo kufuta jina.

Sikiliza nitakalokwambia, na usiniletee lakini.

Jina usilifute. Maskini wa mtaa wenu wanaamuliwa na mkutano wa mtaa wenu, meneja hana kiti pale. Mwambie kwa adabu, bila kupandisha sauti, akuandikie agizo hilo kwenye karatasi aweke sahihi na mhuri. Nakuhakikishia kalamu yake itakosa wino.

Kazi usiache. Martina ana roho nzuri lakini ushauri wake haufai. Genge lile linambeba mtu mmoja kwa shida, ukiongezeka wewe na watoto wawili mtakula mtaji kabla ya mwezi kuandama. Tena ukitoka wewe, kesho fulana yako atavaa binti mwingine kwa posho ileile, na sabuni za Bi Moza zitaendelea kupauka. Utakuwa umemsaidia nini? Wewe hukumfilisi shangazi yako, mwanangu. Mpanga rafu hapangi bei. Huo mzigo utue.

Ila usikae kimya. Mko kumi na mmoja, meneja ni mtu mmoja na kiyoyozi chake. Kaeni siku ya mapumziko, na Martina awepo, maana mwenye hasira kama zake anatakiwa pale. Kila mmoja aandike siku alizofanya kazi, pigeni picha daftari la mahudhurio, kisha chagueni watatu waende Lindi kwa afisa kazi wakaulize mambo matatu tu: kima cha chini cha mshahara kwa kazi yenu, mkataba, na michango ya hifadhi ya jamii. Kibarua wa mwaka na zaidi kazi ileile, duka lilelile, huyo ni kibarua wa jina tu. Usiende peke yako, narudia, usiende peke yako, kitumbua kikiingia mchanga kiwe cha wote ili wote mkikung'ute. Na diwani wenu akija kuomba kura muulizeni ule msamaha wa ushuru, kama upo, uliandikiwa ajira za namna gani. Kama ni hizi za kwenu, aseme mbele ya watu.

Na siku mshahara utakapokaa sawa, mwanangu, siku hiyo wewe mwenyewe nenda kwenye mkutano, simama, sema jina langu lifuteni, mpeni mwingine. Vaa fulana ukitaka. Siku hiyo nitakuruhusu uringe.

Lipo moja limebaki, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie leo badala ya wiki ijayo. Unasema shangazi alikuaibisha. Naima! Mwenye genge hatangazi anayekuja kwake kununua vya mia tatu, hiyo ni siri anayoilinda kuliko sanduku la fedha, na yeye alijua kwamba akiitoa utachukia. Akaitoa, kwa sababu mwenyekiti alishashika kalamu na wanao walikuwa wanapotea kwenye ile karatasi. Alichagua wewe umnunie lakini watoto wapate kula. Na umemnunia kweli, wiki tatu, mwanamke ambaye duka lako limemmalizia biashara na hajakwambia neno zaidi ya wahi gari.

Kurasa zote hizo umeniandikia mimi nisiyekujua, na mahali pa asante kwa Bi Moza nimepatafuta sikupaona. Nenda leo. Usianze na habari za meneja wala za Lindi. Yeye alikutetea kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Na wewe kamshukuru kwa sauti ileile, palepale gengeni, wateja wakiwepo.