Mbuzi Aliyemtambua Kamau

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na kile kikohozi cha mvua kimekuacha ulale. Mimi huku Kware ni mzima, cherehani inalia kutwa na wateja hawakosi, ingawa maji hupanda mpaka ghorofa ya sita siku yanapotaka yenyewe.

Najua unachongoja. Mjomba amesema hapokei wageni wa Kamau wanaokuja kuniposa kabla hajaiona sura yake, na hiyo simu yako ya kabambe haionyeshi picha. Nimechapisha moja dukani, imo ndani ya bahasha. Lakini ina maelezo yake, kwa hiyo soma kwanza.

Mara ya kwanza nilijaribu kumpiga picha kwenye paa la ploti ninayopanga. Nilimshonea koti la kijivu kwa ajili hiyo tu, nikamwachia wiki nzima alizoee. Akasimama vizuri, nikainua simu, na korongo wa jalalani, yule mkubwa mwenye upara, akatua nyuma yake na kuanza kumkaribia polepole kama shemasi aliyeshika kapu la sadaka. Kamau akajifunika uso, picha ikaharibika. Paa lilikuwa na watu kumi wakianika nguo, mama. Kwa nini ndege amchague yeye?

Mama Kevo, jirani yangu wa mlango wa pili, hakuwa na shaka hata kidogo.

"Msee anaficha sura kwa picha ako na bibi kwingine," akaniambia. "Na mimi nishawahi kumwona kule mtaa wa Huruma. Mcheki vizuri, usijifanye hujui."

Nilimwambia aache umbea, lakini maneno yalinikaa. Kamau alikuwa ameniapia kwamba hajawahi kukanyaga Huruma. Nikaanza kumchunguza. Kila akija kwangu ananukia sabuni kuliko mtu yeyote ninayemjua. Karani wa stoo kiwandani, mtu wa kalamu na daftari, anaosha nini hivyo?

Mwezi uliopita kanisa likatupeleka matembezi Naivasha. Nikamsimamisha chini ya mti, ziwa nyuma yake. Tumbili akashuka, akamrukia begani, mkia ukamziba uso wote, kisha akatia mkono ndani ya mfuko wa koti. Mfuko nilioukata mimi mwenyewe! Akatoa ganda la ndizi, jeusi, limekauka. Watu wa kanisa walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka.

"Hilo ganda limetoka wapi?"

"Sijui, Wakesho. Pengine huyo tumbili amekuja nalo."

Nililiona kwa macho yangu likitoka mfukoni. Mtu anayedanganya juu ya ganda la ndizi, mengine anayadanganyaje?

Basi Jumamosi nikatega mtego. Nikamwambia kuna ukuta wa bluu Huruma unaofaa sana kwa picha. Visingizio vikaanza: mara mguu unauma, mara jua kali. Nikamvuta tu. Nilikuwa tayari kumwona mwanamke akitokea mlangoni na mtoto mgongoni, na maneno ya kumwambia nilikuwa nayo mdomoni.

Aliyetokea ni mbuzi. Beberu mweupe, akija mbio, na wenzake watano nyuma. Wakawapita watu wote barabarani, wakamzunguka Kamau wakimlilia. Mwenye mbuzi, mama mmoja mtu mzima, akatoka kibandani akishangaa.

"Kamau! Leo umekuja mikono mitupu, na umevaa smati hivyo? Maganda iko wapi? Hawa wamekungoja tangu asubuhi."

Beberu akaling'ata lile koti nililomshonea na kulivuta. Kamau akajaribu kujifanya hamjui, akashindwa, akaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. Kidole changu kikabonyeza simu kwa hasira tu, na hiyo ndiyo picha iliyomo kwenye bahasha.

Hakuna stoo, mama, wala daftari. Kila alfajiri anatoka chumbani kwake katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga na kwenda mpaka Huruma, mahali ambapo sitamkuta, anasukuma mkokoteni kwenye vibanda vya chakula na kukusanya maganda ya viazi na ndizi kwa ajili ya wafugaji. Mke mwingine hana. Yule mama alinishika mkono, akasema, "Kumbe ndiye wewe Wakesho? Anakutaja mpaka mbuzi wanakujua."

Nilimuuliza Kamau kwa nini alinidanganya mwaka mzima. Akaniuliza:

"Ningekuambia siku ya kwanza naokota maganda, ungekubali kunywa chai na mimi?"

Niliona aibu, mama, tena mbele ya mbuzi.

Nampenda, na nimemwambia uongo uishie pale pale Huruma. Ameapa, na mara hii nimemwamini.

Nisalimie nyanya, umwambie kitambaa cha gauni lake nimeshakata. Msalimie dada Mkamburi na wanawe, na yule jirani mwema anayekuchotea maji.

Mpe mjomba picha, lakini mwambie kwanza kazi ya Kamau, aitazame akijua. Na akisema mpwa wake hawezi kuolewa na mtu wa maganda, usigombane naye. Mwambie Wakesho naye angesema hivyo hivyo, na ndiyo sababu alidanganywa.

Ni mimi binti yako,
Wakesho