Mgeni Aliyerudishwa Mara Mbili

Mwaka umetimia, Baba Pacha, tangu asubuhi ile ulipofumba macho kwenye kiti cha dirishani, mkeo akiwa jikoni anakuchemshia maji ya kuoga.

Kibanda chako sasa kina muuza simu, lakini watu bado wanapita kuulizia saa zao. Ulikuwa fundi wa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mteja alileta saa moja, akaondoka na habari za mtaa mzima. Mashati yako yote yalitoboka mfukoni kwa sababu ya zile bisibisi ndogo, na tulikugombeza kwa hilo hadi tukachoka.

Ulikuwa pia na mji wako wa pili. Kwa wasioufahamu, ni mchezo wa kwenye mtandao, ambamo watu wasiojuana huishi katika mji wa kubuni. Kila mmoja huchagua awe nani, hakimu, mwoka mikate, mwizi wa kuku, kisha huongea na kutenda kwa maandishi kama mtu huyo. Wewe ulikuwa karani wa stesheni. Mgeni yeyote alishukia kwako. Ulimuuliza ametoka wapi na mizigo yake iko wapi, na akibabaika ulimsaidia kujitungia. Kisha ulimkabidhi barua ampelekee mwenyeji fulani, ili awe na sababu ya kubisha hodi. Wengi waliopata marafiki mle walianza na barua yako.

Mmoja wao ni shemeji yako, kitinda mimba wa kwao mkeo. Alihamia kwetu alipoachishwa kazi, hasemi na mtu, anashinda amejifunika shuka. Ulimkalisha kibandani, ukamfungulia mchezo kwenye simu yako, ukampa barua. Baada ya mwezi alikuwa anatuchosha kwa maneno.

Kiharusi kilipokuja, mkono wa kulia uligoma. Ukafunga kibanda. Kule mchezoni ukaaga kwamba karani amestaafu, ukamwachia shemeji yako stesheni. Tulidhani umeachana na mambo hayo. Tulikuona na simu, tukajua unasoma habari.

Shemeji yako alipewa funguo akajiona waziri. Ni kweli kulikuwa na wahuni walioingia wakachoma soko kwa kujifurahisha tu, na ilibidi mlango uangaliwe. Lakini yeye alipitiliza. Akafuta barua. Akaweka maswali sita, na kila jibu lisizidi dakika tatu.

Siku moja akashuka mshona viatu mzee anayetafuta chumba. Jibu la swali la kwanza likachukua dakika nane. Shemeji yako akaandika mbele ya wote, "Mzee, umelala au unatafuta miwani?" Stesheni nzima ikaangua kicheko, na mzee akarudishwa. Baada ya wiki moja alikuja tena, akajikongoja hadi swali la pili, akarudishwa tena.

Jumapili iliyofuata shemeji yako alikisimulia kisa hicho hapa nyumbani, tukiwa mezani, na sisi sote tukacheka.

"Kosa lake hasa lilikuwa nini?" ulimuuliza.

"Kuchelewa tu, shemeji. Mtu akichelewa vile mchezo unapoa."

"Ni kweli, unapoa," ulisema, kisha ukaomba usogezewe chumvi.

Wiki mbili baada ya mazishi, mkeo alimpa mdogo wake simu yako awahamishie mapacha picha zako. Ndipo alipomkuta mshona viatu humo, na majibu yake yote. Alitoka nayo hadi uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa hadi mkeo alipomfuata.

"Dada, yule mzee alikuwa shemeji."

"Mzee gani?"

"Yule niliyewachekesha naye mezani."

Mkeo alifungua mdomo amtukane mdogo wake. Akakumbuka kicheko chake mwenyewe, akaufunga.

Maana hapa tunaona haya sote, si yeye peke yake. Mara ngapi tulikufunga vifungo vya shati kwa sababu gari linasubiri? Mara ngapi tulikunyang'anya kisu tukakukatia mkate, tukajiona watu wema? Ulikuwa unatafuta mahali pamoja tu ambapo hakuna anayejua habari za mkono wako, uanze upya kwa mwendo wako. Ulipokwenda kupatafuta, ulitukuta sisi wenyewe mlangoni.

Shemeji yako aliikimbia stesheni miezi minne. Pacha wako wa kwanza ndiye aliyemwambia, "Mjomba, ukijificha wewe, hao wanaokuja watapokelewa na nani?" Amerudi. Barua zimerudi, na dakika tatu zimefutwa. Wenzake wanamsifu kwa uvumilivu wake, na kila wakimsifu anaweka simu chini na kwenda kunawa uso. Alitaka jina lake kamili lichapwe hapa pamoja na alichokutendea. Tulimkatalia, kwa kuwa ingebidi tuchape na yetu.

Liko jambo ambalo hatujamwambia yeyote nje ya nyumba hii. Simuni mwako mlikuwa na ombi la tatu la kuingia mjini. Uliliandika siku moja kabla hujatutoka, ukawa hujalituma. Safari hiyo hukujitungia chochote, si ushonaji viatu wala kutafuta chumba. Uliandika hivi: "Mimi ni mgeni. Natumia mkono mmoja. Nikichelewa kujibu, msidhani nimeondoka. Bado nipo."

Unakumbukwa na mkeo, mapacha wako, dada yako mwuguzi, mama mkwe wako ambaye saa yake ya ukutani sasa haina wa kuigusa, na shemeji yako, aliyeomba aandikwe wa mwisho.

Tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa.