Pazia la Chumbani Sasa Linapanda kwa Mota

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, usijisumbue.

Hapa Kibiti hatujambo. Mpunga wa Mohoro umeanza kuingia sokoni, na yule jogoo wako bado anawika saa asizotakiwa. Mimi nimeota kitambi. Binti yako Mwanaidi anasema siku hizi natembea kama wewe, na hakusema kwa kunisifu.

Nakuandikia habari za pazia la chumbani kwenu. Unakumbuka ulivyolishusha mchana ule, jua linampiga Mama usoni? Ukamwambia, "Ngoja nikuwekee kivuli, nikirudi nitalikunja." Tukakupeleka hospitali, na hukurudi.

Mama alipokaa eda hakuna aliyeuliza kwa nini pazia liko chini. Mjane, na dirisha lenyewe linatazama njia ya msikitini, nani angeuliza? Lakini eda ikaisha, wanawake wakamtoa, akavaa kanga mpya, na pazia likabaki vilevile. Nikinyoosha mkono nilikunje, ananizuia. "Liache. Aliyelishusha alisema atalikunja mwenyewe." Mchana kweupe, Baba, Mama anapapasa kutafuta miwani chumbani mwake. Na kila wiki anakaa humo muda mrefu zaidi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Basi mimi, uliyeniita fundi wa maneno, nikaamua: kama mkono wangu hautakiwi, litakunjwa bila mkono. Niliona kwenye simu watu wanajitengenezea mapazia ya mota nyumbani. Mtu amekaa zake, anabonyeza kidude, pazia linapanda. Nikasema hili jambo dogo. Tangu lini nikasema jambo dogo likawa dogo?

Tatizo ni wewe. Mapazia ya wenzio ni kitambaa. Lako ni mkeka wa ukindu aliousuka Mama, na chini yake ukaufunga mti wa mkoko kutoka kwenu Delta ya Rufiji, mzito kama nanga, ati usipeperuke. Haujapeperuka! Mota ya kwanza niliitoa kwenye printa mbovu ya dukani kwangu. Ililia kidogo, ikatoa moshi, ikaenda kwa Mola wake. Ya pili nikaipata gereji pale stendi, ile ya kuendesha waipa za kioo cha gari. Nikaiunga na betri ya sola na rimoti ya alamu ya gari. Hiyo ilikuwa na nguvu. Nguvu tupu, akili hakuna, maana nilisahau kuiwekea swichi ya kuisimamisha. Mkeka ukakunjika wote, mota ikaendelea kuvuta kamba, misumari ikang'oka, na mkoko wako ukanishukia utosini.

Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hilo pazia au mtego wa panya?"

Mama hakucheka. Aliniambia tu nirudishe kitu cha mumewe kama kilivyokuwa.

Nikarudisha. Mota nikaiacha palepale juu, nikaiwekea na swichi, kimyakimya.

Ijumaa moja asubuhi, Mama yuko uani anapepeta mchele, nikaingia kujaribu. Nikabonyeza. Mota ikaanza: nguuu... nguuuu... Baba, ile mota inaguna! Inaguna kama wewe unapoinuka kitandani, goti kwanza, kisha kiuno, kisha malalamiko. Pazia likapanda kwa kushtukashtuka, upande mmoja mbele, mwingine nyuma, vilevile ulivyokuwa ukilivuta. Na huko uani nikasikia:

"Baba Saidi, taratibu! Utaning'olea dirisha!"

Ungo ukanyamaza. Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Mimi nimesimama na rimoti mkononi, sijui nikimbie au nijifiche uvunguni, mtu mzima na kitambi changu. Mama akaja mpaka mlangoni. Jua lilikuwa limeshafika kitandani, kwenye mto wako. Akalitazama pazia, akanitazama mimi.

"Hata mashine, ukatafuta inayoguna," akaniambia. Akacheka. Machozi yakamtoka, akacheka tena. Halafu akanyoosha mkono nimpe rimoti.

Tangu hapo anaibonyeza mwenyewe, akishamaliza uradi wake wa asubuhi. Na mota anaikaripia. "Jikaze, mzee, jua linatungoja!" Jirani yetu Bi Mwanahawa aliniita pembeni kuniuliza kama Mama yu mzima. Nikamwambia mzima kabisa, anagombana na mumewe tu.

Juzi nikaleta kopo la grisi nipunguze ule mlio. Mama akaninyang'anya. "Wee Saidi, usimzibe mdomo."

Basi pumzika, Baba. Mungu akupanulie huko uliko, akujaze nuru, na nuru hiyo isihitaji mota ya mwanao. Misumari nitaikaza, kamba nitaibadilisha, betri haitaisha chaji nikiwa hai. Lakini grisi, nakuahidi, haitaigusa mota.

Mwanao,
Saidi, fundi wa maneno na wa pazia moja